Chokaa Kwenye Matuta ya Mama Mkwe

Shamba la wakwe zangu lilikuwa Ntalikwa, kando ya njia ya zamani ya misafara, nami nililima pale kwa sababu sikuwa na ng'ombe wa mahari. Ndivyo ilivyokuwa kwetu wakati wa Mwingereza. Asiye na mifugo aliweza kuoa, lakini alihamia kwa wakwe akawatumikia kwa jembe mpaka baba mkwe aseme imetosha. Nilikuwa katika mwaka wa nne. Baba mkwe alikuwa ameniahidi kwamba msimu ule nikijaza ghala la mama mkwe kwa mahindi, nimchukue mke wangu twende kwetu Goweko. Goweko si mbali. Siku nyingine nilisimama kwenye njia ile nikaitazama tu, kisha nikarudi kulima.

Nilisoma mpaka darasa la nne, na mambo ya udongo nayaandika kama nilivyoyakuta kwenye daftari langu la siku zile. Nikikosea, kosa ni langu, si la aliyenieleza.

Msimu uliotangulia mahindi yalidumaa. Tulitia samadi, tukatia na mbolea ya chumvichumvi, lakini majani yakawa na rangi ya zambarau na mashina membamba kama ya mtama uliokosa mvua. Baba mkwe alisema mbele ya majirani, "Shamba hili lilikuwa linalisha wapagazi wa misafara, leo linashindwa na mkwe mmoja." Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana ningefanya nini.

Akaja bwana shamba na vikaratasi vya buluu. Alikoroga udongo wetu katika kikombe cha maji ya mvua, akachovya kikaratasi, kikageuka chekundu.

"Udongo wenu ni mchachu, mzee," alimwambia baba mkwe. "Umelimwa tangu enzi za babu zenu, na mvua imeosha chokaa yake."

"Basi mbolea yako ni ya uongo."

"Mbolea ni nzuri, imo humo humo. Udongo mchachu umeikamata, hauiachii. Mahindi yamesimama juu ya chakula na yanakufa njaa. Tieni chokaa, uchachu upungue, chakula kitaachiliwa."

Nikauliza, "Na ikizidi?"

"Ikizidi, udongo utakamata vingine. Kuna vitu mmea unavitaka kidogo tu, kama chuma. Chokaa nyingi inavishika hivyo, na majani yanapauka. Debe moja kwa matuta kumi, basi."

Maneno hayo niliyaandika siku ileile. Nilielewa vizuri sana habari ya kukamatwa.

Chokaa ilikuwa unga wa mawe yaliyosagwa. Niliichukua Kanyenye kwenye stoo, magunia ya kutosha shamba letu na shamba la pili ng'ambo ya kijito. Ila lazima nieleze tulivyokuwa tunalima, la sivyo mtu wa leo hataelewa. Mimi na mama mkwe hatukutazamana usoni, hatukuitana, hatukusimama katika shamba moja kwa wakati mmoja. Tukikutana njiani, mmoja anakohoa na mwingine anampisha. Ni heshima, na sikuwahi kuiona mbaya. Basi asubuhi nililima mimi upande wa juu, jua likipanda naondoka, naye anaingia upande wa chini. Neno lolote la kazi lilipita kwa mke wangu.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama, debe moja kwa matuta kumi." Je, nilimwambia kwamba ikizidi inadhuru? Nimejiuliza mara nyingi. Yeye anasema sikusema. Kwa kawaida anakumbuka kuliko mimi.

Siku ya kutia chokaa nilimaliza upande wangu, nikaondoka, kisha nikakumbuka nimesahau jembe. Niliporudi, nikiwa nyuma ya kichuguu, nilimwona mama mkwe. Alikuwa anamwaga debe zima kwenye matuta mawili, anasawazisha kwa mkono, anarudi kwenye gunia. Hakuwa mtu mzembe. Samadi alikuwa anaitia hivyohivyo, kwa ukarimu, na samadi haikuwahi kumwadhibu.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikakohoa.

Akajitupia kaniki kichwani, akanipa mgongo, akachuchumaa kungoja nipite. Mkwe akikohoa anataka njia, na yeye alinipa njia. Nikapita. Nikachukua jembe. Nyuma yangu nikasikia debe linagonga gunia tena.

Nilikwenda kumtafuta mke wangu, naye alikuwa kisimani, mwendo mrefu. Tuliporudi, hata chokaa ya shamba la pili ilikuwa imekwisha. Kwenye daftari niliandika hivi: "Leo chokaa imetiwa. Mama mkwe ametia nyingi. Nimekohoa."

Mvua zikaja. Upande wa juu mahindi yakawa meusi kwa ukijani, sijapata kuona. Upande wa chini yaliota vizuri, kisha majani mapya yakaanza kupauka, michirizi myeupe katikati ya mishipa ya kijani. Mpaka kati ya pande mbili ulionekana kama umepigwa kwa kamba.

Baba mkwe akatuita uani. Mama mkwe alikuwa jikoni na mke wangu, nyuma ya ukuta wa matete.

"Mkwe wangu nimemtukana bure mwaka jana," alisema. "Upande wake huo hapo. Mwenye kuharibu ni wewe mama uliyemwaga chokaa kama unapaka nyumba. Ghala lisipojaa, si juu yake. Akivuna, aende zake."

Kutoka jikoni mama mkwe alijibu taratibu, "Niliambiwa debe, nikatia debe. Labda nilikosea kuhesabu matuta."

Nilichokingoja miaka minne nilikuwa nimekipata. Nilisema, "Asante, baba."

Nilinyamaza siku mbili. Sitaki nionekane mwema kuliko nilivyokuwa. Nilifunga hata mkeka wangu. Lakini mke wangu alinitazama kwa namna ambayo niliona Goweko itakuwa mbali sana tukienda hivyo. Siku ya tatu nilimkuta baba mkwe ananoa shoka.

"Baba, siku ile nilimwona mama anamwaga. Nilijua inadhuru."

"Ukafanya nini?"

"Nilikohoa."

Aliacha kunoa. "Ulikohoa."

"Ndiyo, baba."

"Chakula cha mwaka kinateketea, na wewe unakohoa!"

Nyuma ya ukuta wa matete mama mkwe alianza kusema na mbuzi wake, kwa sauti ya kutosha watu watatu. "We mbuzi, una akili kweli? Ukiona nyumba ya mkweo inaungua utakohoa? Si ungepiga hata debe! Mimi ningefunika uso wangu nikasikiliza. Kufunika uso si kuziba masikio, mbuzi we." Mbuzi akalia. "Eti samahani. Haya, nimesikia."

Bwana shamba alisema chokaa ikishaingia haitoki. Dawa ni kupasua matuta yale, kuchanganya udongo wa chini ambao bado mchachu, kufukia samadi na majani mabichi, na kungoja. Kungoja mpaka lini, hakusema. Baba mkwe ndiye aliyesema. "Upande wa chini ukirudi kijani, nenda." Nikafungua mkeka.

Ilichukua misimu miwili. Nilipasua matuta asubuhi, mama mkwe alifukia majani jioni. Debe likatundikwa kwenye nguzo ya ghala. Kukiwa na neno la kazi nilipige, yeye ajifunike na kusikiliza. Kwa miaka yote miwili nililipiga mara moja tu. Alijitupia kaniki, akachuchumaa, akatega sikio, nami nikamwambia mgongo wake kwamba mbuzi yuko kwenye karanga.