Sheria ya Saba ya Bunge la Zhanqian

Bunge letu lilikuwa na wabunge kumi na mmoja, karani, mtunza hazina, mpishi, na mtu mmoja wa kutuombea. Lilikutana kila Jumapili saa tisa alasiri, ghorofa ya pili juu ya duka la mabegi, Barabara ya Zhanqian, mjini Guangzhou. Mwaka ulikuwa 1998. Hilo jina la bunge tulijipa wenyewe kwa mzaha, maana tulikuwa wafanyabiashara tu, watu wa kununua nguo na redio na kuzipeleka nyumbani. Lakini mzaha ukizoeleka hugeuka kazi. Watu wakachagua wabunge, wabunge wakaitana waheshimiwa, wakaanza kutunga sheria: nani amsindikize mgonjwa, nani asuluhishe waliopigana, nani azike. Karani nilikuwa mimi, Hasna wa Magomeni. Walisema mdomo wangu haufungiki, basi bora nishikishwe kalamu.

Wa kutuombea alikuwa Mwalimu Eliudi. Huko kwao Tukuyu aliwahi kuwa mwinjilisti. Hapa alinunua viatu vya watoto kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Kabla ya kikao Mheshimiwa Dullah, mbunge wa Waislamu, alisoma Fatiha. Kisha Mwalimu alisimama, akamwomba Mungu aliyetuumba sote, maneno machache yasiyomkwama mtu kooni, akanyamaza ili kila mmoja amalizie kwa njia yake. Mwezi wa Ramadhani alituletea tende. Mpishi wetu Auma alipofiwa na mama yake huko Kisumu, ni yeye aliyekaa naye siku tatu akimenya vitunguu. Nilikuwa nikimtania kwamba Siku ya Kiyama hatajua apange foleni ipi. Alinijibu kwamba atasimama kando awashikie watu mizigo.

Alikuwa na sharti moja: alichoambiwa na mtu hakikutoka. Hata ungemtesa. Kwa sababu hiyo watu wa dini zote walimfuata, wakamwambia mambo ambayo hata wake zao hawakuyajua. Mimi sikuwahi kumwambia kitu, kwa kuwa siri zangu zote nilishazisema mwenyewe.

Sheria ya saba ilikuwa yake. Mwezi wa Aprili alifariki Respicius, Mhaya aliyeoa Mwislamu, nusu ya watu wakimwita Rashidi. Waislamu walitaka kumzika, Wakristo walitaka kumsafirisha, wakapigana ndani ya ukumbi wa hospitali huku maiti iko katikati yao kwenye kitanda cha magurudumu. Polisi walikuja, wenzetu wawili wakafukuzwa nchini. Jumapili iliyofuata Mwalimu Eliudi alisimama bungeni kwa hasira, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akapendekeza tuondoe ubishi: maiti afuate jina lililo kwenye pasi yake ya kusafiria. Jina la Kiislamu, Waislamu wamzike kwenye makaburi yaliyo nyuma ya msikiti, ambako Waislamu wenyeji walitupa nafasi. Jina la Kikristo, Wakristo wamshughulikie. Nao Wakristo hawakuwa na makaburi. Asiyeweza kusafirishwa alichomwa moto, majivu yakarudi kwao ndani ya kisanduku.

Mikono yote ilinyooka, na mimi nikaandika. Ndani ya chumba kile wangapi walikuwa wamesafiri kwa pasi za kuazima? Wengi, na tulijuana. Hakuna aliyefungua kinywa, hata mimi niliyeshikishwa kalamu kwa ajili ya mdomo.

Oktoba, wakati wa maonyesho ya biashara, alifika kijana aliyeitwa Rodrick. Alikuwa mpole, amepanga chumba jirani na cha Mwalimu. Alikula na Wakristo, na sisi Waislamu alitupita kwenye korido akiangalia chini. Mimi nilimwona ana maringo. Siku ya tano alishikwa na homa. Tuliotoka Dar es Salaam tuliijua homa ile kwa kumtazama tu. Auma akampa vidonge vya malaria alivyokuja navyo, akavitapika vyote. Hospitalini madaktari waliona mafua. Mwalimu alimchukua mkalimani, akawaambia ni malaria, wapime damu, wampe dawa yake. Neno la Kichina ambalo kila mmoja wetu alilijifunza siku ya kwanza ndilo alilojibiwa: meiyou, hakuna. Walipokuja kupima damu, kijana alikuwa ameshakuwa manjano.

Yaliyotokea wodini Mwalimu alinieleza baadaye, lakini nayaweka mahali pake ili ujue alichokuwa amebeba. Siku ya tatu hospitalini, mchana, kijana alimshika mkono.

"Mwalimu, mimi siyo Rodrick. Naitwa Abdulsamad. Mama yangu ni Mwanahija, wa Mbagala."

Pasi ilikuwa ya rafiki yake na jirani yake, karani wa bandarini, ambaye walifanana naye kama mtu na ndugu yake. Pasi ya Abdulsamad mwenyewe ilikuwa imekwama uhamiaji miezi minane, na maonyesho hayamngoji mtu. Ikijulikana, Rodrick atafukuzwa kazi na kufungwa, na ana watoto wadogo wawili. Akamwapisha Mwalimu asimtaje kwa mtu yeyote. Mwalimu akaapa. Kisha kijana akasema la pili.

"Na usiwaache wanichome."

Mwalimu akaapa na hilo pia. Mtu amelala anakufa mbele yako, utamwambia ngoja kwanza nifikirie?

Jioni ya siku hiyohiyo Mwalimu alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye robota la nguo, akaniuliza Waislamu humwoshaje maiti mwanamume. Nilicheka. Nilimwuliza kama hatimaye ameamua foleni ya kupanga. Lakini nilimweleza: maji safi, kuanza upande wa kulia, mara tatu, maji ya mwisho yatiwe kafuri, sanda nyeupe tatu, na asifunuliwe sehemu za siri. Alirudia kimoyomoyo kama mtoto wa chuo cha Kurani. Sikumwuliza anauliza kwa nini. Mimi, Hasna, ninayeuliza hata bei ya kitu nisichotaka kukinunua.

Kesho yake saa nane mchana Abdulsamad alifariki. Mwalimu aliinama sikioni kwake, akamtamkisha shahada polepole, mstari kwa mstari, kwa sauti ambayo muuguzi asingeisikia. Mwinjilisti wa Tukuyu. Alisema midomo ya kijana ilicheza, lakini hakuwa na hakika.

Bunge liliitwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Derick wa Arusha, alisoma jina kwenye pasi, akasoma sheria ya saba, akasema marehemu ni wa Wakristo, na kwa kuwa hakuna njia ya kumsafirisha, atachomwa kesho kutwa asubuhi. Alimtaka Mwalimu aandae ibada. Mwalimu alisimama, akaomba marehemu azikwe nyuma ya msikiti.

Watu waligeuka. Dullah alimwuliza, kwa upole kabisa, kwa sababu gani. Mwalimu alisema kijana aliogopa moto. Derick akasema kila mtu anaogopa moto.

"Mwalimu," Dullah akasema, "huyu ni Mwislamu? Sema neno moja tu, nikamchukue sasa hivi."

Nilikuwa nimeshika kalamu, nangoja kuandika. Mwalimu alitazama meza. Alikuwa akihesabu, aliniambia baadaye, midomo iliyokuwa mle ndani. Watu kumi na watano. Na baada ya vita vya Aprili tulijua kuwa kati yetu yupo anayepeleka maneno kwa polisi. Makaburini wangetaka pasi, wangeuliza kwa nini Rodrick azikwe na Waislamu, ubalozi ulioko Beijing ungepigiwa simu, na simu ya pili ingelia bandarini Dar es Salaam. Hayo yote ni kweli, sikatai. Lakini hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Angeweza kumvuta Dullah pembeni. Angeweza kuniambia mimi. Dullah angepata njia. Dullah alipitisha makontena mawili pasipo na njia, atashindwa kupitisha maiti moja? Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba lilikuwepo jambo jingine: miaka mitatu watu walimwamini kwa kuwa hasemi, na hakujua atakuwa nani akisema.

Akasema, "Sina zaidi." Akakaa.

Derick alimkumbusha kwamba sheria ni yake mwenyewe. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuondoa uzito. Nikaandika: marehemu Rodrick, Mkristo, atachomwa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alinunua shuka nyeupe kwenye duka la chini, akampa mlinzi wa chumba cha maiti pakiti za sigara, akafungiwa ndani peke yake na ndoo moja. Kafuri aliipata kwa wauza dawa za miti. Alianza upande wa kulia. Alimwosha mara tatu, akamvalisha sanda, na siku iliyofuata akasimama mbele ya Wakristo wanane akasoma ibada ya Kikristo juu ya kijana yule, kwa jina lisilo lake, kisha mlango wa chuma ukafunguliwa. Nasikia hakuimba.

Kisanduku cha majivu alikibeba mwenyewe hadi Dar es Salaam. Bunge liliandika barua kwa familia ya Rodrick; barua ile hakuifikisha. Alikwenda Mbagala moja kwa moja, akamkuta Bi Mwanahija anachambua mchele uani. Alikuwa amejiandaa kwa siku mbili za safari, akaja kusema yote kwa pumzi moja: ugonjwa, pasi, kiapo, moto. Mama hakulia. Alimwuliza swali moja.

"Nani alimwosha mwanangu?"

Mwalimu akasema ni yeye. Akamweleza upande wa kulia, mara tatu, kafuri, sanda. Mama akamsikiliza hadi mwisho. Kisha Mwalimu akamsogezea kisanduku, naye akakisukuma kwa mgongo wa kiganja, kama anavyoondoa kokoto kwenye ungo.

"Mimi nilimzaa ana mifupa," akasema. "Hicho rudi nacho."

Na Rodrick mwenyewe, yule aliyelindwa? Aliposikia rafiki yake amechomwa kwa jina lake, hakukaa hata wiki. Alikwenda uhamiaji kwa miguu yake, akaweka mikono mezani, akasema kila kitu. Alifungwa. Kwa hiyo Mwalimu alivunja ahadi moja ili atimize nyingine, na hiyo nyingine ikamvunjikia mikononi.

Alirudi Guangzhou mwezi wa Desemba. Jumapili ya kwanza alisimama bungeni, si kuomba, akayasema haya yote kuanzia mwanzo. Alitaka nisahihishe kitabu, niandike Abdulsamad, Mwislamu. Dullah aliinuka kabla hajamaliza. Alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akasema, "Nilikuomba neno moja, Mwalimu," akashuka ngazi. Waislamu wote wakamfuata, isipokuwa mimi, na mimi nilibaki kwa kuwa kitabu kilikuwa changu. Sheria ya saba ilifutwa siku hiyo kwa kura za waliobaki. Tangu hapo hakuna aliyesoma Fatiha wala aliyesimama kuomba. Tulianza kikao kwa kuitwa majina.

Kisanduku tulikizika sisi wawili nyuma ya msikiti, siku ya kazi, watu wakiwa madukani. Nilimwambia mzee wa makaburi kuwa ni vitu vya ndugu yangu. Mwalimu alichimba, mimi nikasoma nilichokijua. Tulipomaliza alikaa chini kwenye udongo, viatu vimejaa tope, akanitazama kama walivyokuwa wakimtazama yeye watu waliomfuata na mambo yao.

"Dada Hasna, nataka uniambie kweli. Mimi siyo Mwislamu. Kule kumwosha kwangu kulitosha?"

Nilisoma chuo cha Kurani miaka tisa. Jibu ninalolijua nililifundishwa na bibi yangu na nililirudia kwa sauti mara nyingi, na halikuwa analotaka kulisikia. Maisha yangu yote nimesema ninalolijua, na wengine wameumia.

"Kulitosha, Mwalimu," nikamwambia. "Inuka twende."