Siku Niliyoisalimu Betri ya Mama Mkwe

Kuna alasiri moja ya mwezi wa kumi ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na ukinikuta nimekaa peke yangu nacheka, ujue nimerudi huko. Ni alasiri niliyoongea na betri. Niliisalimu kwanza, nikaiuliza habari za asubuhi yake, na ikanijibu. Ngoja nikueleze, maana umeniuliza mara mbili kwa nini nikiitwa kutengeneza sola ya watu naanza kwa kuomba kiti na kuuliza maswali kama polisi, huku mkoba wa vyombo bado umefungwa.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye karakana ya mlango mmoja katika komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, katikati ya mshona viatu na kanisa lenye ngoma kubwa. Sola ilikuwa bado kitu kigeni, na mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliojua kuifunga. Unajua mtu akijua jambo ambalo majirani zake hawalijui? Kichwa kinavimba. Changu kilivimba mpaka kofia zikakataa kukaa.

Baba mkwe wangu alikuwa mstaafu wa reli, na alikuwa na shamba la mahindi kaskazini ya mji, upande wa Kinsevere. Watafiti wa madini walipomaliza kazi yao huko, walimuuzia rulote, yaani ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Ilikuwa nyeupe, ina kitanda, meza ya kukunja na dirisha lenye pazia. Akaikokota mpaka shambani, akahamia humo na mama mkwe; yeye kutwa alikuwa kwenye mahindi, mama mkwe akibaki nyumbani.

Mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Insulini yake ilipaswa kukaa kwenye baridi, na shambani hakuna waya wa umeme uliofika. Kwa hiyo wakahitaji friji ndogo, na friji ikahitaji sola. Hiyo kazi ilikuwa yangu, nani mwingine? Nilifunga paneli mbili juu ya paa na betri kubwa ndani ya sanduku la chuma lililo mbele, pale rulote inapofungwa kwenye gari. Nilimaliza yote kabla hawajalala humo hata usiku mmoja, kwa sababu baadaye nisingeweza.

Hapo nikueleze, wewe uliyezaliwa juzi. Sisi tunaotoka kaskazini ya Katanga tulilelewa na adabu hii: mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hasemi naye ana kwa ana, haingii anapolala. Yeye akija huku, wewe unapita kule. Siku hizi vijana wanapiga picha na mama wakwe zao wameshikana mabega. Mimi naangalia tu na kushangaa. Basi, wakwe walipoanza kulala ndani ya rulote, mlango wake ukawa umefungwa kwangu, na paa lake pia, maana lilikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe.

Siku ya kuwakabidhi nilimmwagia baba mkwe maneno mengi ya ufundi. La mwisho lilikuwa hili: joto ni adui wa betri. Nikapanda pikipiki nikaondoka. Sikufafanua, sikuuliza ameelewa nini. Nilipenda tu jinsi lilivyosikika.

Miezi ya baridi ilipita vizuri. Joto la mwezi wa tisa lilipoingia, simu ikalia.

"Mukwe," baba mkwe akasema, "frigo iko moto. Batri inakufaka mbele ya asubuhi."

Nilifunga karakana nikafika shambani saa kumi na moja jioni. Nilipozima pikipiki nilisikia hatua za haraka, pipa likiburutwa, kisha kimya. Mama mkwe alikuwa amejificha nyuma ya ua wa matete, kwenye jiko lake la nje. Nikafurahi moyoni kwamba ananiheshimu. Nikapima. Waya unaotoka kwenye paneli ulikuwa na umeme wa kutosha, betri ilikuwa tupu. Kwa kichwa changu kile, kesi ilikwisha: betri mbovu. Kesho yake nikaleta nyingine.

"Baba, mukumbuke," nikasema nikiondoka, "joto iko mubaya sana kwa batri."

Haikumaliza wiki, friji ikawa moto tena. Nikarudi jioni, pipa likaburutwa, nikapima, nikalaumu waya. Nikabadilisha waya. Nikarudi mara ya tatu, nikalaumu regulateri, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuuratibu kabla haujaingia kwenye betri. Chenyewe kilikuwa ndani, juu ya kitanda, kwa hiyo nilisimama nje nikimwelekeza baba mkwe kupitia dirishani ni skrubu ipi alegeze. Mzee wa watu hakuwa amevaa miwani. Tulihangaika mpaka jua likazama. Na kila nikiondoka niliacha lile neno langu: joto, baba, joto. Jambo lililonikosesha usingizi ni kwamba betri mpya ilichoka haraka kuliko ile ya kwanza. Nilijiuliza, hii ni betri gani inayougua zaidi kila ikitibiwa?

Halafu ikaja simu ya nne, na safari hii haikuwa ya friji. Insulini ilikuwa imeharibika kwa joto. Mama mkwe alidungwa dawa iliyokwisha nguvu, sukari ikapanda, akaanguka jikoni. Walimleta mjini kwa gari la jirani, akalazwa siku tano. Nilisimama kwenye korido ya hospitali, nisiweze hata kuingia kumwona, nikiangalia viatu vyangu. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Alipotolewa alitaka kurudi shambani kwake, hakusikia la mtu. Mke wangu, Mama Ilunga, alinikalisha chini nyumbani kwetu Kampemba.

"Baba Ilunga, ile masini yako ya kupima, ulipima nayo batri?"

"Eyo."

"Na waya?"

"Eyo."

"Na mama, ulimuuliza nini?"

Nikaanza kufunga mkoba wangu.

"Ye njo anakaaka mule siku muzima," akasema. "Weye unafikaka jioni, unapima, unarudia. Mama anajua ile rulote kukupita."

"Mama mukwe nitamuuliza namna gani? Unataka bantu banicheke?"

"Uliza batri. Bankambo betu ba zamani balikuwa banasema na chungu, na mbwa, na ukuta. Sema na batri. Mama atasikia."

Nilidhani ananitania. Lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na nikaona afadhali kuchekwa. Siku hiyohiyo nikaondoka mapema, nikafika saa nane mchana, jua likiwa kali. Kama kawaida, pipa likaburutwa kwa haraka, hatua zikakimbilia jikoni. Baba mkwe akanipa kigoda. Nikakiweka mbele ya sanduku la chuma, nikaupa mgongo ua wa matete, nikafungua mkoba, nikaufunga tena.

"Batri, jambo," nikasema kwa sauti. "Ulilala muzuri?"

Baba mkwe akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

"Batri, asubuhi jua ikitoka, unafanyaka nini?"

Kule jikoni, mwiko ukaacha kugonga sufuria. Nikangoja.

"Batri," sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya matete, ndogo, bado dhaifu, "mwambie huyu muntu: asubuhi unakulaka jua muzuri. Halafu saa ine joto inakuwa mingi, miye minakufunika."

"Batri, wanakufunika na nini?"

"Na mihogo. Minaanika juu ya ile bioo ya sola, kule paa. Mbuzi haziwezi kufika kule, na inakauka mbio. Mukwe akifika, minaondosha yote. Ni haya anikute juu ya pipa."

Nilikuwa najua jibu la swali lililofuata, lakini nikaliuliza.

"Batri, wanakufunika sababu gani?"

"Si mukwe alisema joto iko adui yako?" Akakohoa kidogo. "Ile bioo ukigusa, inaunguza mukono. Minaona unalegea, minaongeza mihogo. Mukwe anarudia, anasema tena joto, joto. Minaongeza na mukeka. Minafanya vile alisema."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa amekaribia kufa kwa kunitii. Kila nilipokuja kutibu betri, nilimwachia agizo la kuiua, naye alilitekeleza kwa uaminifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfungia sola. Na heshima yetu ilikuwa imemficha yeye na mihogo yake kila jioni, ikanionyesha paneli safi. Nililia, usinicheke. Nililia nikiwa nimeiinamia betri, na baba mkwe akageuka akajifanya anaangalia mahindi.

Nilipojifuta machozi nikatoa chombo cha kupima, nikamwomba baba mkwe apande kwenye pipa na mkeka wa mihogo. "Batri, umefunikwa," nikatangaza, "hauli kitu." Akauondoa. "Batri, umefunuliwa, unakula!" Nikasikia "eeh!" ya mshangao kutoka jikoni. Kisha maswali yakaanza.

"Batri, na bakifunika nusu tu?"

Tukajaribu. Nusu moja tu ya kivuli, na umeme ukashuka karibu wote. Hata mimi nilishangaa, nilijua kitabuni tu.

"Batri, na vumbi ya barabara?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. Malori ya madini yalikuwa yakipita kutwa, na baba mkwe alipopangusa paneli kwa kitambaa chenye maji, namba ikapanda mbele ya macho yangu. Yule mama alikuwa na hamu ya kujua kunishinda mimi mwenye ufundi, na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuuliza.

"Batri," akasema mwisho, taratibu, "kama bioo inataka jua, basi ile joto iko adui ya nani?"

"Yangu mimi batri," nikajibu kwa niaba yake.

"Na weye unakaaka wapi?"

Nikaweka kiganja juu ya lile sanduku la chuma, nikakiondoa upesi kwa kuungua. Mimi, mhubiri wa joto, ndiye niliyeifungia betri ndani ya chuma katikati ya jua, siku nzima, na sikuwahi kuligusa sanduku lile mchana.

"Bon, sawa," akasema mama mkwe. "Mihogo itakuja kwako."

Jioni ile mimi na baba mkwe tulikata miti, tukajenga uchanja mrefu juu ya sanduku, mbuzi wasiufikie. Mihogo ikaanikwa hapo, ikakauka, na chini yake betri ikakaa kivulini. Friji haikupata moto tena. Mama mkwe aliishi miaka mingi humo. Kila msimu kikapu cha mihogo mikavu kilifika kwetu Kampemba bila barua, na Mama Ilunga alikuwa anakipokea mlangoni na kuniita, "Baba Ilunga, kuya! Batri imekutumia salamu."

Sasa wewe unaanza kazi hii, na mkoba wako una vyombo vizuri kuliko nilivyokuwa navyo. Vipime vitu, ndiyo, lakini kaa kwanza na anayeishi navyo. Muulize anaamka saa ngapi, anaanika nini, anaogopa nini. Fika mchana, usifike jioni tu. Ukimpa mtu agizo, mpe na sababu yake, halafu mwombe akueleze alivyolielewa, kwa sababu huenda akalifuata kuliko ulivyotarajia. Na heshima usiiache. Ila isikuzibe mdomo wakati uhai wa mtu unangoja swali lako. Mlango mmoja ukifungwa, tafuta pa kupitishia swali, hata kama ni kwa betri.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono mitulivu na maswali mengi, akukutanishe na watu wenye subira ya kukujibu, na hao waliokuamini wapate uzima katika kazi ya mikono yako. Amina. Sasa niletee kile kiti, uniambie: hiyo betri unayosema imekufa, nani analala karibu nayo?