Sahani ya Mtu wa Gitega

Siku hizi nchi yetu ina miji mikuu miwili. Siasa waliipeleka Gitega, biashara wakatuachia sisi wa Bujumbura, kama watu wanaogawana vyombo baada ya talaka. Wanasema mji wetu umejaa mno, watu watawanyike. Sawa. Lakini wakubwa waliohamisha ofisi bado wanalala Kiriri, kwenye majumba yao ya mlimani, wanapanda na kushuka na jipu zao. Waliohama kweli ni makarani wadogo. Mmoja wao ni kaka yangu, mtoto wa mtaa wetu wa Buyenzi, aliyekulia kati ya gereji na msikiti. Sasa amepanga chumba cha uani kule kwenye baridi.

Mwanzoni alikuja kila Ijumaa jioni. Mama alipika wali na mukeke, samaki wa ziwa anayempenda, na kaka akichelewa, chakula chake kiliwekwa juu ya kabati, kimefunikwa kwa sahani nyingine. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo, aliye safarini anapikiwa. Asipofika, kesho yake sahani inapelekwa kwa maskini msikitini. Kisha esansi ikakosekana, magari yakalala kwenye foleni vituo vya mafuta, na nauli ya Gitega ikawa ya kumtukana mtu. Kaka akaacha kuja. Mama hakuacha kufunika. Wallahi ile sahani ilinichosha, nikiiona moyo unaniuma.

Likaja zoezi la kuhesabu watu nchi nzima, ijulikane kila mji una watu wangapi. Mama alikuwa na neno moja tu, mwanawe ahesabiwe nyumbani.

"Hata nikifa leo," aliniambia, "wajue huyu mutoto ana kwao."

Jumamosi asubuhi akaingia mwalimu mmoja wa shule ya jirani, dada mpole, ndiye aliyepewa mtaa wetu. Akauliza tuko wangapi.

"Watatu," mama akasema.

"Mi naona wawili, mama. Wa tatu iko wapi?"

"Mwanangu. Iko kazini Gitega, anarudi."

"Basi watamuhesabu Gitega. Kila mutu anahesabiwa pale anakaa."

"Apana!" Mama akainuka, akashusha ile sahani ya jana kutoka kabatini, akaifunua mbele yake. "Hiki chakula ni cha nani? Mutu hakai hapa, unamuwekea chakula?"

Mwalimu akamtazama yule samaki, akanitazama mimi. Nilimwomba kwa macho aandike tu, nani angemkamata? Akainamisha kichwa.

"Pole, mama. Hapa muko wawili."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamfungulia mlango kabla hajaaga. Najua hakuwa na kosa, ila siku ile nilihitaji mtu wa kumchukia, na wa Kiriri siwafikii.

Siku chache baadaye kaka akapiga simu. Mama hata hakumsalimia vizuri, akamuuliza kama amehesabiwa. Kaka akacheka kicheko kikavu. Walipopita yeye alikuwa ofisini, na mwenye nyumba wake akawaambia chumba cha uani kina mtu wa Bujumbura, huyo watamhesabu kwao. Aliporudi jioni walikuwa wameshamaliza mtaa.

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo siko popote, mama."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake. Mama alinirudishia simu, akaenda kukaa uani peke yake, na mimi nikabaki namtukana kaka kwa kuropoka vile, halafu nikalia naye kwenye simu.

Ijumaa iliyofuata nilifunua sufuria nikakuta wali kidogo, na mukeke wawili tu. Juu ya kabati hapakuwa na kitu.

"Na cha kaka?" nikauliza.

"Si ulimusikia mwalimu?" mama akasema, huku akinipakulia. "Hapa tuko wawili."