Prosesa Iliyomfungisha Mama Virago

Kompyuta yangu ya mezani ilipozimika ghafla, sikujiuliza mara mbili: nilimlaumu mama. Tangu ahamie kwangu hapa Magamba, alikuwa akiifunika kwa vitambaa vyake vya kufuma, na baridi ikizidi anaongeza blanketi, eti ukungu usiingie.

"Umeiua, mama! Umeipika!" Nilipayuka mpaka jirani akachungulia. Mama hakubishana. Aliniambia taratibu kwamba Jumatano anakwenda Mlola kwa mdogo wake, na hatarudi. Nikambembeleza, wapi!

Nikaona dawa ni kuifufua mashine kabla ya Jumatano, labda moyo wake utalainika. Feni ilizunguka lakini kioo kilibaki cheusi, basi nikajitia ujuaji: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekufa. Nikamwagiza dereva wa basi aninunulie nyingine Tanga, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Ilipofika haikukaa. Niligeuza huku, nikageuza kule, vijino vya kiti chake, pale inapokalia, havikukubali. Afadhali sikuikandamiza.

Jumanne asubuhi nilibeba kila kitu hadi Lushoto mjini kwa fundi, binti niliyemfundisha kemia kidato cha nne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Niokoe, mwanangu."

Alipoiona prosesa yangu ya Tanga alicheka bila aibu. "Hii ni ya ubao mwingine kabisa, ule unaobeba vifaa vyote ndani ya kompyuta. Nguvu si hoja, mwalimu. Unasoma kwanza namba ya ubao wako, unatafuta orodha ya prosesa ambazo ubao huo unazikubali, ndipo unanunua."

Wala hakuniamini niliposema ya zamani imekufa. Alibadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kuingiza umeme, giza. Akachomoa kadi za memori na kuzijaribu moja moja, giza vilevile. Ndipo akafungua feni iliyokalia prosesa, akagusa, akanusa kidole chake.

"Mwalimu, nani kapaka mafuta ya mgando huku?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeifungua kufuta vumbi, nikakwangua ile dawa nyeupe ya kupitisha joto kwenda kwenye feni, iliyokauka juu ya prosesa. Sikuwa na nyingine. Nilichokuwa nacho ni kopo la mafuta tunayopaka midomo na visigino kwa baridi hii ya huku. Nikachota kwa kidole, nikapaka, nikajisifu.

"Ni mimi," nikasema.

"Mwalimu wa kemia!" Akashika kichwa. "Yameyeyuka yote. Imeungua kwa joto, maskini."

Alisafisha kwa spiriti, akatoa kwenye droo yake prosesa iliyotumika, iliyokuwemo kwenye orodha, akapaka dawa yenyewe, akawasha. Kioo kikawaka. Nilishusha pumzi ndefu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikamkumbuka mama, furaha ikanikauka.

Nyumbani nilimkuta ameketi kitandani kando ya begi lililokwisha kufungwa. Nilipiga magoti, mtu mzima mimi, nikamweleza yote. "Mama, si wewe. Niliiua mwenyewe, kwa mafuta. Nisamehe."

Alivuta begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini.

"Nilikuona ukipaka," akasema.

"Sasa mbona hukunikataza, mama?"

"Ningekukatazaje? Nilijua wewe umesoma."