Geuza Jani Kabla ya Kubeba Bomba

Nakumbuka siku moja ya vuli, mwanangu, nimebeba bomba la dawa mgongoni na wingu zito limeshatanda Chanika.

Shamba lilikuwa la mjomba. Alinipa kwa sharti: kunde zikinishinda msimu ule, anajenga vyumba vya kupangisha. Na majani yalikuwa meusi kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, maana jua lilikuwa limewaka wiki mbili mfululizo, nao hupenda ukavu.

Jirani yangu Bi Somoe, mtu wa Lindi, akaniita kutoka kwenye matuta yake.

"We kijana, dawa hiyo unainywesha mvua?"

"Shikamoo, Bibi. Nawahi kabla haijanyesha."

"Marahaba. Unawahi wapi? Mvua yenyewe itawapukutisha. Geuza jani kwanza uone."

Nikacheka. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikajiona nimesoma. Nikapuliza. Haikupita nusu saa, mvua ikaishusha dawa yote mtaroni. Vidukari iliwapukutisha kweli, lakini dawa ilikuwa imeshaua vile vijidudu vyekundu vya madoa meusi, ambavyo kumbe ndivyo vilivyokuwa vikiwala. Jua liliporudi, vidukari waliosalia wakazaana kwa raha zao. Kwa Bi Somoe walibaki wachache tu.

Nikaenda kwake, kichwa chini.

"Umekuja na bomba au na macho?" akanitania.

Kuanzia hapo nikawa shambani kila asubuhi, nageuza majani, nang'oa mashina yaliyoelemewa, siku za jua nayapiga mengine maji kwa nguvu. Nusu ya kunde zikapona. Mjomba akaja na fundi wa kupima msingi. Akatembea matuta mawili, akainama, akageuza jani. Akamwambia fundi, "Kunja kamba, twende."

Mpaka leo nyumba zimetuzunguka, na pale ni kunde. Najivunia, Mungu anisamehe.

Ila nisikudanganye. Dawa imenifaa siku nyingine za ukavu, na Bi Somoe mwaka mmoja aliisubiri mvua isije, akapoteza. Sina hata hakika kama nusu ile niliiokoa mimi au mvua.

Hili nalijua: tazama anga, geuza jani, ndipo uamue. Usitegemee jina la mwezi, vuli ya siku hizi haiji kama ya zamani. Jua likikaza, ingia shambani mapema. Na jirani akikuita, simama umsikilize.

Mungu akupe macho ya kumwona mdudu angali mmoja, na ardhi yako isikose jani bichi.