Nilimcheka Mwari Wangu Alipojipapasa Titi

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Naandika kwa mkono wangu, na shule niliishia darasa la tatu, basi ukikuta herufi imelala vibaya isome hivyohivyo.

Mimi, Kausia, ni somo hapa Mlingotini. Msichana akivunja ungo huletwa kwangu nimfunde. Akishaolewa, jambo lolote la mwili wake hulileta kwangu kwanza, kabla ya mume, kabla hata ya mama. Zamani tuliwaweka ndani mwezi mzima, siku hizi wiki tu, shule inawadai. Tuyaache hayo.

Mwari wangu mmoja nitamwita Mwanaidi, silo jina lake. Tulikuwa tukilima mwani pamoja. Siku moja nesi alikuja pale tunapoanika, akatufundisha kujikagua matiti: hedhi ikishakwisha inua mkono, papasa kwa vidole vilivyolala, zungusha mpaka kwapani. Mimi nilikaa pembeni nimenuna. Kisichana kile kinawafunda wari wangu mbele yangu! Wivu, mwenzangu. Wivu mtupu.

Mwanaidi akajipapasa. Baada ya siku chache akanifuata kwenye vichanja.

"Shikamoo somo. Nina neno la faragha."

"Marahaba. Faragha ya nini? Sema hapahapa."

Akainama. "Nimekuta kigumu titi la kushoto. Kama punje ya kunde. Hakiumi."

Nikapaza sauti ili wenzetu wasikie. "Jamani, mume yuko kambini Saadani huu mwezi wa pili anavua, mwenzenu kaona ajishike mwenyewe!"

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamwambia, "Mwanaidi, na la kulia usilinyime." Naye akacheka, maskini, machozi yanamlenga.

Kisha nikajifanya mpole. Nikamwambia ni maziwa yaliyoganda tangu alipomwachisha mtoto, tena kisichouma si maradhi. Nikamkanda kwa maji moto, nikamchana titi kwa kitana kama tunavyowafanyia wazazi waliojifungua karibuni. Hospitali nikamkataza, akamvulie nguo daktari mwanamume kwa kunde moja? Na siku ile alikuwa tayari kwenda.

Alinitii. Ndiyo adabu niliyomfunda.

Mwaka ukapita. Ngozi ikabonyea, chuchu ikaingia ndani. Nikasema ni hasadi, nikampa kombe la aya anywe. Mwisho mumewe akampeleka Dar bila kuniuliza. Titi wakalikata, lakini maradhi yalikuwa yameshafika mgongoni. Mumewe alinisimulia macho makavu: daktari alimuuliza Mwanaidi, "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Akajibu, "Kwa somo."

Nilikwenda kumtazama. Amekonda, kanga imemmeza. Nikamsalimia. Akasema tu, "Umekuja kuona kazi yako?"

Alipofariki nilibeba udi na kafuri, nikaenda nimwoshe. Kwetu somo ndiye huosha mwari wake. Mama yake akasimama mlangoni.

"Kausia. Wewe usimguse."

Nikakaa nje mkekani, karibu na watoto wake watatu, nasikia maji yakimwagika ndani. Hakuna aliyenisogezea hata kikombe cha kahawa.

Nami baadaye nilijipapasa, kama nesi alivyosema. Yangu yamelala kama mifuko mitupu, yamenyonyesha saba, hayana kazi tena duniani. Na ni mazima.

Binti mkubwa wa Mwanaidi amevunja ungo juzi. Hawakumleta kwangu, na wamefanya vyema.

Wewe unayesoma, jipapase kila mwezi. Ukikuta kigumu, hata kisipouma, nenda hospitali kwanza, somo utamwambia ukirudi. Akikucheka, atacheka uko hai. Na wewe somo mwenzangu, mwari akikuletea titi lake, usitafute neno la kusema. Msindikize.