Kopo la Iliki na Ufito wa Mlangoni

Keti, rafiki yangu, nikusimulie yaliyonipata juzi, maana hata sasa sijamaliza kuyawaza.

Nilikuwa kwenye duka moja kubwa la kisasa, hapa hapa kisiwani. Siku hizi humo hakuna wa kukuhudumia. Viazi wajipimia na kuvibandika karatasi ya bei. Mwishoni wasimama mbele ya mashine, wapitisha kila kitu juu ya kioo hadi ilie, kisha wajitilia kwenye mfuko wa kubebea. Kazi za watu watatu wazifanya wewe mnunuzi, na ahsante huambiwi. Nilipopitisha kipakiti cha iliki, nilidhani mashine imelia, nikakitia mfukoni. Kumbe haikulia. Taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa changu. Askari wa mlangoni akageuka kunitazama.

Hapo mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nikarudi kuwa mtoto wa miaka minane.

Kibokoni, mtaani kwetu, palikuwa na duka la mzee mmoja, jembamba kama ushoroba, lanukia mdalasini na sabuni ya kufulia. Humo hakuna mteja aliyegusa kitu. Bibi alinifunza: "Ukifika, mikono nyuma. Sema wataka nini, ungoje." Mzee alichota, akapima kwenye mizani ya shaba, akakunja gazeti likawa kama pembe, akakupa kwa mkono wa kulia. Alipokwenda kuswali hakufunga mlango. Aliweka ufito tu, umekingama kizingitini, na mtaa mzima ulijua: mwenyewe hayupo, hakuingiwi.

Alasiri moja walikuja wageni kumposa shangazi yangu. Kahawa ilikuwa jikoni, iliki hakuna. Bibi akanitia sarafu mkononi. "Kimbia, mwanangu. Usitutie aibu leo."

Nikafika, nikakuta ufito. Nikangoja. Nikawaza ile kahawa ichemkayo, na wageni wakitazamana. Mwisho nikauruka ufito. Nilishamwona mzee akipima mara mia, nikasema nitajipimia. Nikaweka kijiwe cha mizani upande mmoja, nikatia mkono ndani ya kopo la iliki, nikachota, nikaanza kuitia kwenye mizani.

"Wee! Wafanyani humo?"

Alikuwa jirani wa dirisha la juu ng'ambo ya njia, mwanamke aliyejua mpaka nyumba gani imeunguza wali. "Jamani, mwizi! Mjukuu wa nyumba ya posa yuwaiba!"

Sarafu nilikuwa nimeifumbata mkono wa kushoto, nani aiona? Watu wakajaa mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyeuvuka ule ufito. Ndani nilikuwa mimi peke yangu. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache tu. Wageni wakisikia neno hilo, wangeondoka na posa yao, na shangazi angeishi na jina nililomletea mimi. Nikainama nyuma ya mizani.

Mzee akarudi kutoka msikitini, kofia mkononi. Akatazama kopo, akanitazama mimi, kisha akaitazama mizani kwa muda mrefu.

"Mama," akamwambia jirani, "mwizi gani huyu apimaye?"

Watu wakacheka. Jirani akafunga dirisha. Lakini mzee hakucheka. Aliirudisha iliki yote koponi, akaichota upya, akaipima mwenyewe, akanikunjia gazeti, nami nikampa sarafu yangu.

"Kazi hii ni yangu, mwanangu," akasema polepole. "Ukinifanyia, na lawama yake waichukua. Leo mizani imekushuhudia. Siku nyingine huenda isikushuhudie."

Shangazi aliolewa. Mimi nilikaa wiki nzima nikiogopa kupita njia ile.

Basi juzi, chini ya taa nyekundu, nilikuwa tayari nimeanza kuufungua mfuko, nijitetee. Nikayakumbuka maneno yale. Nikauacha mfuko ulivyo, nikaweka mikono nyuma, nikamwita binti aliyevaa sare ya duka.

"Njoo, mwanangu. Kazi yenu hii imenishinda."

Akaja akicheka, akaipitisha ile iliki mara tatu ndipo ikalia. "Pole mama. Mashine hii ina wazimu."

"Na askari yule angenishika, mungemwambia ina wazimu?"

Akaacha kucheka. Akanifungia mfuko mwenyewe, akanikabidhi kwa mkono wa kulia.

Duka la mzee sasa lauza vifuniko vya simu, na jioni lashushiwa mlango wa chuma wenye kufuli mbili. Ufito hakuna, wala anayejua maana yake. Siku hizi twakaribishwa ndani kabisa, tuchote, tupime, tufunge, na mwenyewe hayupo. Mimi bado naogopa.

Nawe usione haya kuogopa. Taa ikiwaka, usiguse kitu tena: weka mikono nyuma, simama pale pale, umwite mtu wa duka aje amalize kazi yake.